Kwenda Butembo kwa Niaba ya Watu Thelathini

Kwaya yetu ilialikwa Butembo, nikatangulizwa mimi. Barua ya mwaliko ilitoka kwa kwaya ya kanisa moja la huko, Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, imeandikwa Kifaransa upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, ikituomba twende wote thelathini tukaimbe nao siku tatu. Wanakwaya walipiga vigelegele. Wazee wa usharika walisita, maana kila mtu hapa Bukoba amekwisha kusikia habari za njia ya Beni na watu wanaotoka msituni kuvamia wasafiri. Baada ya vikao vitatu wakaamua kwamba katibu atangulie, aione njia kwa macho yake, kisha arudi aseme twende au tusiende. Katibu ni mimi, Mama Koku, fundi cherehani, mwoga tangu kuzaliwa. Nadhani walinichagua kwa sababu hiyo hiyo. Njia ambayo mimi nitasema inafaa, hata kuku atapita.

Jumatano alfajiri niliondoka na begi moja. Wiki tatu nzima nilikuwa nimejifunza sentensi moja ya Kifaransa, ya kusema kwamba naja kuitembelea kwaya, na niliirudia moyoni kutoka Mutukula mpaka Mbarara, mpaka jirani yangu wa kiti akaniuliza kama nasali. Nilikuwa nasali pia. Usiku nililala Kasese, au niseme nililala kitandani, kwa sababu usingizi haukuja. Kila nikifumba macho nilikuwa naona wanakwaya wetu wamekaa ndani ya basi, soprano mbele, besi nyuma, na mimi ndiye niliyesema waje.

Alhamisi asubuhi nilivuka mpaka wa Kasindi. Anayekuja nyuma yangu asisahau kadi ya njano ya chanjo, maana waliitazama kabla ya pasipoti. Utanawa mikono kwenye ndoo yenye bomba, utapimwa joto kwenye paji la uso, na ukiwa na hofu kama yangu utajiona unachemka hata kama kipimo kinasema u mzima. Rudisha saa yako nyuma kwa saa moja. Fomu ni za Kifaransa. Mimi niliandika jina la ukoo mahali pa jina la ubatizo, nikapewa fomu nyingine. Jambo kubwa kuliko yote ni kwamba usianze kuuliza kitu kabla ya kusema bonjour. Niliingia ofisini nikauliza moja kwa moja nigongewe wapi mhuri, yule ofisa akanitazama kama mtu aliyeingia chumbani bila hodi. Nikatoka, nikarudi, nikasema bonjour. Kisha nikaitoa sentensi yangu ya wiki tatu.

"Mama," akasema, "sema Kiswahili tu, tutasikilizana."

Kutoka Kasindi magari yalikusanyika yakaenda pamoja, wanajeshi mbele na nyuma. Nilibanwa katikati ya wanawake wawili wenye mafurushi ya samaki wa chumvi. Tulipita njia panda ya Mutwanga, milima ya Rwenzori imefunikwa na mawingu, kisha daraja la Semuliki. Nilikuwa nimenyoosha mkono kuchukua simu nipige picha, mwenzangu mmoja akaushika. "Hapana photo hapa, mama." Tangu hapo sikuitoa tena. Hakuna lililotupata mpaka nikashuka Beni.

Beni nilipokewa na Mama Kavira, dada yake mwalimu wa kwaya iliyotualika, na mumewe Papa Kambale. Wao asili yao ni Mabalako, ambako waliacha mashamba ya kakao wakahamia mjini kutafuta usalama. Walinikaribisha kwa furaha kubwa, nikanawa, nikakaa mezani. Palikuwa na bundu, yaani ugali wao wa muhogo, na sombe, yaani kisamvu, na samaki, harufu inakuja mpaka puani. Lakini sufuria zote zilikuwa zimefunikwa, na hakuna aliyezigusa. Dakika kumi, ishirini, arobaini. Sikuwa nimekula tangu Kasese. Nilianza kufikiri labda wananisubiri mimi mgeni niombee chakula.

"Mama Koku, uvumilie kidogo," akasema Mama Kavira. "Shemeji yangu iko mu njia, anapeleka kakao Butembo. Hatuyapata nouvelles, habari yake."

"Anakuja kula hapa?"

"Hapana. Atakula kule. Lakini kwetu, mutu akiwa mu njia, chakula tunafunika. Akifika anapiga simu, tunasikia sauti yake, ndipo tunakula."

"Na mtu mwingine akipiga akasema amefika salama?"

Papa Kambale ndiye aliyejibu, mtu wa maneno machache mwenye kofia ya sufi asiyoivua hata ndani. "Mutu mwingine anaweza kukudanganya, ili roho yako itulie. Sauti ya mwenyewe tu."

Nilisema ni desturi nzuri. Moyoni nilisema njaa itaniua kwa ajili ya kakao. Mwishowe simu ililia, sauti ya mwanamume ikapaza, "Nimefika!" na Mama Kavira akafunua sufuria kabla hata hajamjibu. Tulikula vizuri sana.

Ijumaa asubuhi ilikuwa zamu yangu. Papa Kambale alikaa uani na simu, akampigia dereva mmoja aliyeko Maboya, njiani, kisha mwingine aliyetoka Butembo alfajiri. Njia iko calme, imetulia, wakamwambia. Nikamuuliza kama calme ni sawa na salama. Akafikiri.

"Ni calme mpaka hii saa," akasema. "Ya saa ingine hatuiyue."

Alinitafutia taksi, akamwambia dereva jina lake na langu, akaandika namba ya gari kwenye kiganja chake. Mimi nilizima simu kabisa, nikaifunga kwenye pindo la kanga yangu ya manjano, kiunoni. Niliogopa isilie kwenye kizuizi chochote, nikaulizwa ninampigia nani. Nilijiona mjanja.

Kati ya Beni na Butembo hakuna kilometa nyingi, lakini nilizihesabu zote. Barabara nyekundu, vilima, mikaratusi, makorongo yasiyo na kingo. Baada ya Kabasha tukakuta gogo limelazwa katikati ya njia, dereva akapunguza mwendo. Nilishika mkono wa abiria nisiyemjua. Wakatokea wanaume watatu wenye majembe. Walikuwa wanaziba shimo, wanawaomba wapitao wawaachie chochote. Tukawasalimia kwa heshima ambayo sijawahi kumpa hata askofu.

Butembo nilifika kabla ya adhuhuri. Ni mji wa vilimani, wenye baridi, maduka yamejaa bidhaa, pikipiki nyingi kuliko mvua. Mwalimu wa kwaya, Papa Kasereka, alinisubiri stendi na wanakwaya kumi hivi, wakaanza kuimba pale pale nishukapo, na mimi machozi yakanitoka kwa kuona nimefika mzima. Nikavua viatu, nikaoga, nikala. Kisha wakanitembeza nyumba kwa nyumba. Walikuwa wameshatenga vitanda thelathini kwa ajili yetu. Katika kila nyumba mwenye nyumba alinionyesha kitanda, na juu ya ukuta karatasi imeandikwa soprano, alto, tenor au basse. Mama mmoja alikuwa amewahamishia watoto wake jikoni tayari. Nilizidi kuona uzito wa jibu nililotumwa kulileta, na kwa kuwaza hilo nikasahau kila kitu kingine.

Saa kumi jioni mmoja wao akaniuliza, kwa mazungumzo tu, Beni walisemaje nilipowapigia. Nikafungua kanga kiunoni, nikawasha simu. Ilitetemeka mkononi mwangu bila kukoma, ujumbe juu ya ujumbe kutoka Beni.

Papa Kasereka alishtuka kuliko mimi. Mtaa wao ulikuwa hauna umeme siku ya pili, simu yake alikuwa ameiacha kwa mchajishaji njia panda tangu asubuhi, na alidhani nimekwisha kutoa habari mwenyewe, maana kwao hakuna mtu anayekumbushwa jambo hilo. Nikampigia Mama Kavira. Ilipokelewa kabla haijalia vizuri.

"Ni weye? Sema tena. Ni weye?"

"Ni mimi, Mama Koku. Nimefika. Nilizima simu, nikasahau, nisamehe sana."

Kisha nikamsikia anavuta pumzi. "Papa alishaenda kukutafuta. Alipanda moto yake, pikipiki, saa ya midi, saa sita. Balisema kuna gari ilianguka mu korongo, banasema ni taxi. Tulipiga kwako, tulipiga kwa Kasereka, hapana. Akasema, mugeni ya batu hawezi kupotea mu mikono yetu."

"Yuko wapi sasa?"

"Simu yake haipite. Kule mu milima réseau hapana."

Sijui niandike nini kuhusu saa mbili zilizofuata. Tulikaa kwenye benchi mbele ya nyumba tukitazama njia. Papa Kasereka alichukua simu yake kwa mchajishaji akawa anapiga, anapiga. Wanakwaya waliokuwa wakiimba asubuhi walikaa nasi. Hakuna aliyenilaumu, na ingekuwa nafuu kama wangenilaumu. Nilimwona akilini yule mzee wa kofia ya sufi njiani peke yake, kila saa inayopita ikiwa si ile aliyoulizia asubuhi. Nilimwambia Mungu kwamba nikipewa mtu huyu akiwa mzima, sitaomba kingine safari hii. Niliogopa kwa ajili yangu tangu Bukoba, lakini hofu hiyo ya jioni ilikuwa nyingine, na nilistahili kuipata. Jua lilipokuwa linaingia nyuma ya kilima, walianza kutaja majina ya vijana watakaomfuata asubuhi.

Pikipiki ilipanda mlima polepole, taa moja. Alikuwa na matope mpaka kifuani, kofia bado kichwani. Nilisimama nikashindwa kusogea. Alinitazama, akanyoosha mkono, nikadhani ananisalimia.

"Unipe simu kwanza, mama. Yangu ilizima."

Akampigia mkewe. "Nimefika," akasema. "Eeh. Iko hapa, iko muzima. Muanze kula." Ndipo akanishika mkono.

Baadaye, Papa Kambale akila, Papa Kasereka alimuuliza habari za lile gari korongoni. Alisema abiria walikwisha kutolewa, wameumia lakini wazima. Yeye hakuamini kwa kuambiwa. Aliteremka hadi chini mwenyewe akatazama kila kiti, akitafuta kanga ya manjano. Nilimwambia kosa ni langu, na sitajisamehe.

"Hapana, mama. Haukuzoea," akasema, akamega bundu. "Sasa umezoea."

Jumapili baada ya ibada Papa Kasereka alinisindikiza stendi, akauliza alichokuwa amejizuia kuuliza siku zote. "Donc, mutakuya?" Nikamwambia nitajibu nikifika nyumbani. Nilipofika Beni nilipiga simu Butembo nikiwa bado nimeshika mlango wa gari. Nikapiga Kasindi, nikapiga Kasese, nikapiga Mutukula. Wasafiri wenzangu walidhani nina mgonjwa.

Jumanne saa tisa alasiri basi liliingia stendi ya Bukoba. Wazee wa usharika walikuwa pale wote wanne, na mwenyekiti hakungoja nishushe begi.

"Mama Koku, tuambie. Njia ni salama? Twende au tusiende?"

"Bonjour," nikamwambia, na sikuwa natania sana. "Ngojeni kwanza." Nikatoa simu, nikaiweka sauti ya nje ili wote wasikie.

"Mama Kavira, ni mimi. Nimefika kwetu."

"Ni sauti yako," ikajibu simu. "Mungu asifiwe. Wasingya, mama, asante sana. Papa! Amefika!" Kisha tukasikia kitu kikigonga, chuma juu ya chuma, na sauti za watoto.

"Hicho ni nini?" mwenyekiti akanong'ona.

"Mfuniko wa sufuria," nikasema. "Walikuwa hawajala tangu asubuhi, wananingoja mimi."

Nikawasimulia hapo hapo stendi, nimesimama, habari ya Papa Kambale na korongo. Nikawaeleza vitanda thelathini na karatasi ukutani, kwa sababu nilitaka wajue tunakataa nini. Mwenyekiti alisema basi tukienda, sote tutapiga simu, jambo hilo ni dogo. Nikamwambia siku ile gari lililoanguka halikuwa langu. Siku litakapokuwa letu, watu wale watateremka korongoni kutafuta soprano, alto, tenor na besi, mmoja mmoja, na hawatarudi juu mpaka wamepata thelathini.

"Mwaka huu tusiende," nikasema. Ni jibu gumu kuliko yote niliyowahi kutoa, na nililitoa nikilia. Jioni ile nilimpigia Papa Kasereka nikamwambia. Akaniuliza kama nimeshakula.