Kitabu cha Rubani na Senene wa Bweranyange

Mwaka wenyewe siujui kwa tarakimu. Ni ule ambao wanaume walikula senene, wale panzi wa msimu, asubuhi, mchana na jioni mpaka wakakinai, na sisi wanawake, tulioruhusiwa kuwaokota tu, tukawala jikoni na kupangusa midomo. Nilikula. Walikuwa watamu.

Asubuhi moja tunaokota senene malishoni kwetu Bweranyange, ndege ya mbio ikashuka kati ya ng'ombe ikikohoa. Akatoka rubani wa Kizungu, mwekundu kama pilipili, amekumbatia vitabu vitatu. Akaketi chini ya bawa, akasoma. Katekista wetu, mwenye Kiingereza cha kuombea maji, akatueleza kwamba marubani wa ndege za kasi huamriwa kusoma vyote vitatu, na kile kinene hakiachwi hata siku moja.

Tena rubani alikuwa amepotea. Akataka mtu wa kumwonyesha njia ya Bukoba kutoka huko juu. Mume wangu aliijua kwa miguu, akiswaga ng'ombe. Mara moja akaenda kuvaa kanzu. Mimi nilikuwa nimeisikia ikikohoa. Nikamwambia katekista amfasirie mgeni: "Mume wangu hapandi humo."

Katekista akacheka. Akasema mwanamke ambaye hata kitabu cha sala hakukimaliza hawezi kumfundisha rubani. Nikamjibu, basi asome yeye, tusikie. Akakishika kile kinene, akafasiri: kabla ya kuruka, hakikisha hakuna ndege aliyejenga kwenye tundu la pua ya ndege.

"Ndege ndani ya ndege?" mume wangu akauliza. "Mwalimu, kwani ina mimba?"

Watu wakacheka mpaka vikapu vikamwagika. Mimi sikucheka. Kwa Kinyambo, lugha yetu, yule wa mtini ana jina lake na ya chuma ina jina lake, hatuchanganyi. Nikajua kitabu kinasema kiota. Nikaenda puani, nikatia mkono mpaka kwenye kiwiko, nikatoa senene, konzi baada ya konzi, wengine wameshaiva kwa joto la injini. Kikapu kikajaa. Rubani alisimama na kitabu wazi mikononi kama mtu aliyeletewa sahani tupu.

Injini ikawaka, safi. Rubani akanipa mkono, katekista akaniita mama kwa mara ya kwanza, na mume wangu akakunja kanzu apande. Nikawazuia. Nikataka mgeni anionyeshe ni wapi katika vitabu vyake wameandikwa senene. Akafunua cha kwanza, akafunua cha pili, kile kinene akakirudia mara mbili. Hawamo. Na msimu huo walikuwa wametanda angani njia nzima mpaka Bukoba.

Mume wangu akanitazama kwa kusihi, mguu mmoja tayari juu ya bawa. Katekista akaniuliza sasa amwambie nini mgeni.

"Mume wangu hapandi humo."