Moto Niliouchagua kwa Mlango wa Tonton

Naungama: najua kuandika riwaya, magari siyajui. Mjomba wangu, Tonton Saidi, alinipa gari lake la zamani nilitoe rangi, lipakwe nyeupe, limbebe binti yake siku ya harusi, Jumamosi. Fundi jirani, Papa Lokwa, alinishauri nitumie msasa na maji, polepole.

"Moto hapana, mutoto yangu. Hii gari imezeeka, hatujue iko na nini chini ya rangi."

Nilicheka, nikaazima mtungi wa gesi na bomba lake la moto. Raha iliyoje! Rangi ilijikunja kama majani makavu, nami nikaikwangua huku nikiimba. Kumbe nusu ya mlango ilikuwa mastiki tupu ya kuzibia kutu. Ikalainika, ikaanguka yote, likabaki tundu.

Tonton akatokea. Nikaliziba tundu kwa mgongo wangu.

"Alors, écrivain, mwandishi wetu, umemaliza?"

"Karibu nimalize, tonton."

Alizunguka, akaingia garini kwa mlango wa upande wa pili. Mara vidole vyake vikanigusa mgongoni.

"Bon," akasema, akicheka humo ndani, "bibi-arusi atasalimia watu kupitia hapa?"