Mtetea wa Kutoka Solai

Wamaitha alianza kufuga mwaka ule alioacha kufundisha chekechea. Kibanda kilikuwa nyuma ya nyumba yake huko Kiamunyi, cha mabati na mbao za kuokota, na ndani yake mlikuwa na kuku sitini na wawili wa kienyeji. Hao ndio waliomlisha. Hakuwa na uwezo wa kumwita daktari wa mifugo kila kuku akipiga chafya, kwa hivyo binti yake, Cate, alimwekea kwenye simu ile programu ya akili bandia ambayo mtu huiandikia ikamjibu.

"Mathe, iulize chochote," Cate alimwambia. "Haichoki kama mimi."

Akaiuliza. Aliiandikia kwa heshima, akitanguliza salamu, nayo ikamjibu kwa Kiswahili kilichopigwa pasi, ikimwita mfugaji mpendwa. Ilimfundisha kupima chakula na kukausha maranda ya kutandika kibandani. Ilimkumbusha pia kwamba chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaofagia kibanda kizima, imekaribia. Wamaitha aliamua kuisogeza mbele kidogo, wageni wapite kwanza.

Wageni walikuwa wakwe. Cate alikuwa anaolewa na Kiplangat wa Solai, na kila jamaa, upande huu na ule, aliyekumbuka mwaka wa kuchomwa nyumba baada ya uchaguzi alikuwa na neno lake la chinichini kuhusu Mkikuyu na Mkalenjini kuoana. Mama yake Kiplangat, Jepleting, ndiye aliyekata maneno hayo. Alifika siku hiyo ya wageni na mtetea mweusi kwenye kikapu, akamwombea kuku huyo baraka pale mlangoni kabla ya kumkabidhi.

"Huyu nimekuchagulia mwenyewe, pamwai," alisema. Ndivyo wanavyoitana kwao wazazi ambao watoto wao wameoana. "Nikirudi Jumapili nimpate amezoea."

Jioni hiyo Wamaitha aliiambia simu kwamba amepata kuku mgeni. Ikajibu: amtenge siku ishirini na moja, mbali na wenzake, kwa vyombo vyake mwenyewe, hata akionekana mzima.

Palikuwa na mahali pamoja tu pa mbali, nyuma ya choo cha zamani. Wamaitha alienda akapatazama. Akamwona akilini Jepleting akija Jumapili na kuuliza mtetea yuko wapi, na yeye akimpeleka huko, kwenye harufu na magugu, kumwonyesha zawadi iliyoombewa imefungiwa kama mwizi. Akarudi, akafungua kibanda, akamwachilia mtetea katikati ya wengine.

Kesho yake simu ikamuuliza kama amemtenga.

"Ndiyo," akaandika.

Alikuwa amewahi kusema uongo kwa ajili ya amani, kama kila mtu mwenye ndugu. Huu aliuona mdogo, wa kuambiwa chombo.

Jumapili Jepleting alikuja, akamwita mtetea wake, naye hata hakugeuka. "Ona huyu, ameshakuwa wa Kiamunyi," akacheka. "Anajifanya hanijui." Walikunywa chai wakapanga siku ya wazee kukutana, na Wamaitha alilala akiwa na furaha.

Jumanne mayai yalipungua. Alhamisi kuku mmoja alisimama kwenye kona, mabawa yameanguka kama shuka lililolowa. Simu ilimuuliza kuhusu joto, maji, gunia jipya la chakula. Iliandika pia kwamba kwa kuwa mgeni ametengwa, si rahisi ugonjwa uwe umetoka kwake, basi waanze na chakula. Wamaitha aliisoma sentensi hiyo mara tatu. Kisha akabadilisha chakula, akangoja siku mbili.

Jumamosi asubuhi kibanda hakikuwa na kelele. Saba walikuwa wamekufa. Wengine walizunguka mahali pamoja, shingo zimepinda, wakitazama juu kana kwamba kuna kitu kwenye mabati. Chini kulikuwa kijani kibichi kwa vinyesi.

Ndipo alipoiandikia ukweli. Haikumgombeza. Ilimshukuru, ikasema hilo linabadilisha kila kitu: asitoe kuku wala yai nje ya boma, na ampigie daktari wa mifugo sasa hivi.

Wasike, daktari wa mtaa, alikuja na buti zake. Hakuchukua muda.

"Ni kideri, mathe. Mgeni ni yupi?"

Wamaitha akamwonyesha. Mtetea mweusi alikuwa anapekua udongo kati ya waliolala, manyoya yanang'aa.

"Huyu amepitia huo ugonjwa akapona," Wasike alisema. "Aliyepona anaweza kuubeba bado. Yeye haumwi. Anagawa tu."

Kufikia Jumatano walibaki kumi na tisa, na wazee wa Solai walikuwa wanakuja Jumapili. Kunyamaza kungewaleta mpaka kwenye boma la ugonjwa, na kusema kungekuwa sawa na kumwambia Jepleting kwamba ameleta kifo kwa kikapu. Wamaitha aliiomba simu imwandikie ujumbe. Iliuandika vizuri, kila neno mahali pake, nao haukufanana na mtu yeyote anayejulikana. Akaufuta, akapiga.

"Mama Kiplangat, Jumapili msije. Kuku wanakufa, ni kideri. Kosa ni langu. Niliambiwa nimtenge yule wako nikaona haya."



"Pamwai," Jepleting alisema polepole, "sikutaka usikie. Wangu waliisha mwezi jana. Walibaki watatu. Nikaona hao ndio Mungu amewawekea mkono. Ningekuletea mwingine aje?"

Wamaitha alikaa kwenye ngazi ya jikoni.

"Na hao wawili wako wapi?"

"Kwa dada yangu Jepkoech, huko Kariandusi. Binti yake amejifungua. Nimewatuma asubuhi."

"Yeye anafuga?"

"Anafuga? Ana kuku mia tatu."

"Mpigie sasa, Mama Kiplangat. Wasiingie kwa boma."

"Nimempigia mara mbili nijue kama wamefika, hashiki. Ngoja. Huyu hapa anapiga kwa hii simu ingine."

Wamaitha akangoja, simu sikioni. Alimsikia Jepleting kwa mbali akisalimia kwa lugha yao, kisha akicheka kidogo, bila kutaka. Maneno hakuyaelewa, ila alikijua kicheko cha mtu anayeshukuriwa kwa zawadi.