Somo la Rede

Jumatatu nilimpeleka mjukuu wangu shuleni, hapa hapa Kariakoo, nikakuta akina mama wamejitolea kuwafundisha watoto wa darasa la kwanza kukimbia na kukwepa mpira. Mchezo wenyewe ni rede.

Mama mmoja akajifunga khanga kiunoni. "Ngoja kwanza tuwaonyeshe."

Wakaonyesha. Vizuri, sikatai, nusu saa nzima, huku watoto wamekaa barazani wamekumbatia mikoba ya mama zao.

Binti yake akauliza, "Mama, zamu yetu bado?"

"Kaa hukohuko, utagongwa na mpira!"

Kengele ikalia. Yule mama akachukua mkoba wake, akajifuta jasho, akamgeukia mwalimu kwa masikitiko: "Watoto wa siku hizi wavivu, mwalimu. Muda wote wamekaa tu."