Wasikilizaji wa Sebuleni Kwangu

Uvivu wangu ndio ulioiua saa ya wakulima redioni, na haya nayaandika nikiwa nimekaa, maana kukaa ndiko nilikobobea.

Enzi hizo za Mwingereza, bwana mmoja wa utangazaji alifika Tengeru akitafuta msomi wa kuwauliza watu wa Meru wanapenda kusikia nini jioni. Mimi nilikuwa nimefika darasa la kumi. Agizo lake lilikuwa jepesi: panda mlima, ingia nyumba mbalimbali, uliza. Lakini masika yalikuwa yameanza, tope linavua watu viatu, na mimi nina redio ya betri nyumbani. Kila jioni majirani walijazana kwangu kusikiliza. Kwa nini niwafuate watu wanaonifuata wenyewe?

Nikawapa chai ya maziwa, nikamuuliza kila mmoja: "Unapenda mazungumzo ya wakulima au bendi ya tarumbeta?" Tarumbeta nilizipenda mimi, kila aliyeingia alinikuta nazipigia mguu. Wote wakajibu tarumbeta. Hata mama jirani, ambaye kahawa yake ilikuwa imeanza kupukutisha majani, alisema, "Tarumbeta, mwanangu. Kwani kuna kingine?" Nikapeleka majibu kifua mbele. Watu wote wale wangekosea vipi?

Basi saa ya wakulima ikaondolewa kwa majaribio, tarumbeta zikajaa mahali pake. Majirani waliendelea kuja. Walikunywa chai, wakiitazama redio kama mgonjwa asiyetaka kupona. Mama jirani aliuliza mara moja tu kama yule bwana wa saa ya wakulima, aliyekuwa akieleza dawa za kahawa, amesafiri. Nikajifanya naongeza sukari.

Mimi mwenyewe zile tarumbeta zikaanza kunitia maumivu ya meno. Lakini ningezima vipi? Kuzima ni kukiri. Kutoka nje nako, mvua. Nikawa mfungwa sebuleni kwangu, nimefungiwa na bendi nzima, na askari jela ni mimi mwenye birika. Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba sikuwa nimewauliza watu wengi; nilikuwa nimeiuliza nyumba moja, tena yangu.

Bwana wa utangazaji akarudi. Kabla mpango haujawa wa kudumu, alitaka watu waulizwe tena. Safari hii nikavaa mabuti.

Nilimkuta mama jirani kihambani kwake, kwenye shamba la kahawa na migomba nyuma ya nyumba, akikata matawi yaliyokauka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe una miguu?"

Nikamuuliza swali lilelile, maji yakinitiririka shingoni. Akaweka panga chini, akaniangalia kuanzia mabuti hadi kofia.

"Siku ile uliniuliza nikiwa na kikombe chako mkononi, ulitaka nikutemee chai? Leo uko kwangu, basi sikia: tarumbeta zako ni kelele, na kahawa yangu inakufa."