Mzee Aliyeila Picha Yangu

Leo mzee mmoja kanilia picha ya menyu, na aliyemkaribisha ni mimi mwenyewe!

Mnanijua, mpiga picha za vyakula. Kamba nilowapiga picha Maskati, wateja walilamba menyu.

Basi Bi Zuhura wa Mkunazini anafungua mkahawa kesho. Kapika pweza wa nazi sahani moja tu, ya picha, na mchapaji anaisubiri alasiri. Nikaitoa sahani barazani penye mwanga. Naiweka sawa ndimu, mzee anapita.

"Shikamoo mzee, karibu!"

Mazoea tu, jamani! Sote tunajua jibu lake: ahsante, nshakula.

"Marahaba mwanangu. Bismillahi."

Akakaa. Akala.

Nikaganda na kamera yangu ya bei mbaya. Ntamwambia nini, na mtu nshamkaribisha?

Bi Zuhura akatoka. Nikasema moyoni, leo namwagiwa mchuzi. Akamtazama mzee, akarudi ndani, akaja na mkate wa boflo.

"Kula baba, usione haya."

Kisha kwangu, chini chini: "Na wewe usinisimamie kama mlingoti. Piga!"

Nikapiga. Mzee anafuta mchuzi wa mwisho kwa boflo, macho kayafumba.

Wallahi, Maskati yote sikupata picha kama ile. Bi Zuhura kaiona, kacheka mpaka kajifuta machozi. "Peleka hiyo hiyo."

Mwanamke yule ana moyo, nyie!

Basi menyu yake ina sahani tupu na mzee kafumba macho. Mkitaka kumwona pweza, nendeni kesho. Mkinikuta nami napita, msinikaribishe kwa mazoea.

Ntakaa.