Nilimrushia Korongo Mawe Mwanangu Asimwone

Umewahi kumwona mama mtu mzima, matongotongo machoni, koti la marehemu mumewe mgongoni, akimrushia korongo mawe?

Usicheke. Huyo mama ni mimi, Stoyanka, na ni mwaka huu huu.

Kwetu Bulgaria korongo haguswi. Yeye ndiye anayetuletea habari kwamba baridi inakwisha. Kuanzia Machi mosi tunafunga mkononi uzi mwekundu na mweupe, na hatuuvui mpaka tumwone, ndipo tunaufunga kwenye mti wa matunda. Ukimwona wa kwanza amesimama, mwaka huo unatulia nyumbani. Ukimwona anaruka, safari inakuita.

Sasa mwanangu Deyan, wa pekee, alikuwa ameitwa Uhispania kuchuma stroberi.

"Mama, mimi nimeshindwa kuamua," akaniambia. "Nimemwachia korongo."

"Na nauli atakulipia korongo?"

Tukacheka. Lakini mimi nilicheka mdomoni tu. Tangu baba yake afariki, nyumbani tumebaki wawili tu. Vijana wote wameondoka, kijiji kina wazee na paka.

Nikawa kutwa naangalia angani kama mwendawazimu.

Asubuhi moja natoka kuwapa kuku mahindi, nikasikia mbawa. Korongo huyo hapo, anazunguka juu ya paa letu, penye kiota chake cha kila mwaka.

Anaruka!

Deyan akitoka sasa hivi, nimekwisha.

Nikaokota jiwe, nikarusha. La pili. La tatu likampata kwenye bawa. Akayumba, kijiti kikamdondoka mdomoni, akapotelea upande wa mtoni.

Nikakitazama kile kijiti pale chini.

Korongo mwenye kijiti anatengeneza kiota. Maana yake alishatua kwetu.

"Mama! Unafanya nini?"

Deyan alikuwa mlangoni. Mkononi hakuwa na uzi.

"Nilimwona alfajiri," akasema taratibu. "Amesimama kwenye kiota, katulia. Nikaenda kuufunga uzi wangu kwenye mti wa plamu. Nilikuwa nakuja kukuambia nabaki."

Sikuwa na pa kuficha uso.

"Ungeniomba tu, mama. Tangu baba afariki hujawahi hata siku moja kuniambia nibaki. Halafu unampiga mawe ndege wa Mungu, ili unifungie ndani kama kuku?"

Nikafungua mdomo. Unajua nilisema nini?

"Kahawa inapoa."

Wiki ile ile akaondoka. Hakunigombeza tena. Angenigombeza, pengine ningepumua.

Jirani yangu Radka akaja na maswali yake. "Stoyanka, mbona kiota chenu kitupu mwaka huu? Mmemkosea nini korongo?"

"Upepo tu, shoga yangu," nikajibu. Nilijiona mwizi kwenye ua wangu mwenyewe. Hatia hii nalala nayo, naamka nayo.

Jana Deyan alipiga simu.

"Unakula vizuri?" nikamuuliza.

"Nakula, mama."

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Rudi, mwanangu. Maneno mawili tu.

"Huko kuna joto?" nikasema.

"Lipo, mama. Haya, tutaongea Jumapili."

Akakata.

Wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu unataka abaki, mwambie. Mwambie leo, hata kama sauti inatetemeka, hata kama atakataa. Mimi Mungu alinipa mdomo, nikatumia mawe.